Mgonjwa wa figo apandishiwe damu hadi ngapi?

Wakuu, naleta hoja, wapinzani karibuni.

Figo zikichoka hazitoi eritropoietini ya kutosha, ile homoni inayouchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa dayalisisi, yaani wanaosafishwa damu kwa mashine, huchomwa sindano ya homoni hiyo. Marekani iliiruhusu mwaka 1989, na wengi wakaepuka kuongezewa damu kila mara. Hapo sina ubishi. Nabishana na wanaosema kwamba kwa kuwa mwanamume mzima mwenye afya ana damu 13 au zaidi (gramu za himoglobini kwa desilita), basi na mgonjwa afikishwe huko.

Ilishajaribiwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1998 ulihusu wagonjwa 1,233 wa dayalisisi wenye maradhi ya moyo. Kati ya waliopandishiwa damu kuelekea kiwango cha kawaida, 39% waliziba kwa damu iliyoganda kwenye fistula (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji) au njia nyingine ya kuunganishia mashine. Wenzao walioachwa chini walikuwa 29%. Fistula ikiziba, hata kusafishwa kwenyewe kunakwama. Kisha 2009 ukaja utafiti wa TREAT, watu 4,038 wenye kisukari na figo mbovu ambao hawakuwa wameanza dayalisisi. Kati ya waliochomwa sindano ili wafike 13, watu 101 walipata kiharusi; kati ya waliopewa dawa bandia, 53. Uchovu? Ulipungua kidogo tu.

Mtaniambia kosa ni dozi, si namba. Huenda. Asiyepanda damu ndiye anayerundikiwa dozi, na anarundikiwa kwa sababu kuna namba inakimbizwa! Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, 2011 iliagiza dozi ndogo kabisa inayotosha kupunguza haja ya kuongezewa damu. Na wanaosifia vidonge vipya vya kupandisha damu, daprodustati na vadadustati: viliruhusiwa huko 2023 na 2024, vikiwa na onyo la damu kuganda kama la sindano.

Mimi nasema madini chuma kwanza. Utafiti wa PIVOTAL wa Uingereza ulionyesha kuwa wagonjwa wa dayalisisi waliopewa chuma kingi cha mshipani walihitaji homoni kidogo zaidi, na njia zao za mashine hazikuziba zaidi ya za wenzao.

Panaponikwaza ni kwa kijana anayesubiri kupandikizwa figo. Kila chupa ya damu anayoongezewa inaweza kumzalishia kingamwili zitakazoikataa figo ya mtoaji. Huyo tumwache kwenye 9, au tumsogeze 11 na hatari zake tumweleze? Mnaokaa kwenye mashine, semeni ninyi.