P1 mwenye B- ya Kiswahili: nisomee nini ili nihamie sekondari msingi?

Mwalimu wa Butere:

Mulembe walimu. Mimi ni P1, yaani mwalimu wa cheti cha kufundisha shule ya msingi, mwaka wa 12 sasa nikifundisha shule ya msingi huku Butere. Tangu sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ianze Januari 2023, mwalimu mkuu amekuwa akinituma Gredi ya 7 kufundisha Kiswahili kwa kuwa walimu waliopo hawatoshi. Kazi hiyo imeniingia moyoni. Juzi msichana mmoja alinishika hadi kengele ikalia, anataka kujua kwa nini tunasema "rafiki mzuri" halafu "rafiki yangu", si "rafiki wangu". Nilirudi nyumbani nikiwaza jibu lake.

Nataka kuhamia huko rasmi, si kuazimwa. Nilifanya ile diploma ya kujiendeleza ya P1 nikidhani inatosha, naambiwa ni ya shule ya msingi tu. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, nina C+ ya jumla, Kiswahili B-, CRE (dini ya Kikristo) C+, Biolojia C, Jiografia C, Hisabati D+. Wenzangu wawili wanajiandikisha Kiswahili na Jiografia, wananiambia twende pamoja tugawane nauli na vitabu. Maseno nafika kupitia Luanda, Masinde Muliro iko Kakamega mjini. Nina watoto watatu na mkopo wa sako umebakisha miezi 14. Nianzie wapi?

Jirani wa Kondele:

Ni kweli, diploma hiyo ni ya msingi. Unahitaji shahada ya ualimu yenye masomo mawili ya kufundishia. Uhaba mkubwa uko kwenye sayansi na hisabati, lakini kwa alama hizo usijaribu huko. Usiache kazi, ulizia masomo ya likizo: Aprili, Agosti na Desemba.

Mama Gredi ya 8:

Dada, kabla ya kuuliza karo wala nauli, toa cheti chako cha KCSE ukiweke mezani. TSC, tume inayoajiri walimu, haitazami shahada peke yake. Inatazama C+ ya jumla, na C+ katika kila somo kati ya yale mawili utakayofundisha. Kwa hivyo Jiografia yako ya C inakufungia mlango, hata ukihitimu nayo vizuri kiasi gani.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Nilianza 2017, Kiswahili na Jiografia, kwa sababu kama zako: rafiki zangu walikuwa wanaenda huko na tulikodi chumba kimoja. Jiografia nilikuwa na C. Chuo kilinipokea, kikachukua karo, hakuna aliyenyanyua kichwa kuniuliza. Mwaka wa pili, mwalimu mmoja mzee aliyekuwa akisoma nasi akaomba kuona cheti changu, akanyamaza kidogo, akaniambia, "Mama, hapa unalima shamba la wenyewe." Nililia ndani ya matatu hadi Chavakali. Likizo iliyofuata nikahamia CRE, nikarudia kozi za mwaka mzima na kuzilipia upya. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Dada yangu alikuwa akimleta saa saba chini ya mwembe wa chuo, mvua ya Agosti ikinyesha tunahamia kwenye veranda ya maktaba. Pesa zile zingelipa karo ya kifungua mimba wangu.

Kwa hiyo kwako ni Kiswahili na CRE. Wapo watakaokuambia walimu wa masomo hayo wamejaa. Foleni ni ndefu, sikatai. Lakini sekondari msingi ina masomo 9 tangu yapunguzwe kutoka 14, na haya mawili yamo katika ratiba ya kila wiki, Gredi ya 7 hadi ya 9. Jiografia haipo kama somo pekee, imo ndani ya Maarifa ya Jamii. Na wewe tayari umeajiriwa. TSC imekuwa ikihamisha walimu wa msingi wenye shahada kwenda sekondari msingi, na namba yako ya TSC ni ileile.

Ukienda kujiandikisha, hakikisha barua ya kukubaliwa imetaja masomo yote mawili kwa majina. Ikisema "Shahada ya Elimu" tu, irudishe waandike.

Jambo ambalo watu hawalisemi ni mazoezi ya kufundisha. Ni muhula mzima. Mimi asubuhi nilikuwa sekondari ya jirani, alasiri narudi kwa Darasa langu la 4. Zungumza na mwalimu mkuu mapema, tena kwa maandishi.

Kuhusu mkopo, mimi ningengoja hiyo miezi 14 iishe. Najua inauma kusubiri. Lakini karo ya kukatwa juu ya mkopo mwingine itakutoa darasani mwaka wa pili, nimewaona watatu wakiishia hapo.

Mwalimu wa Butere:

Asante sana, dada. Cheti kiko kwa mama yangu, kule Khwisero, ndani ya sanduku la bati, Jumamosi nakifuata. Wenzangu nimewatumia ujumbe wako usiku huuhuu. Mmoja amejibu kwamba Jiografia ana C-, na karo ameshalipa nusu. Anauliza kama bado anaweza kubadilisha.

Mama Gredi ya 8:

Aende kesho ofisi ya mkuu wa kitivo, asingoje likizo ianze. Abebe risiti na cheti. Akitaka mtu wa kwenda naye, mimi niko Kakamega mjini, naweza kutoka saa nane.