Louis wa Orléans: alistahili kuuawa?

Kibatari: Wakuu, tumalize la jana. Novemba 23, 1407, Louis, mdogo wake mfalme Charles wa Sita wa Ufaransa, anatoka kwa malkia usiku, wanamvamia njiani pale Paris, wanamkatakata. Aliyewatuma ni binamu yake, Jean wa Burgundy, na alikiri. Mwaka uliofuata akamsimamisha msomi Jean Petit ahubiri kwamba kumuua dhalimu ni halali. Mimi nipo na Petit. Louis hazina aliifanya mfuko wake, 1393 au 94 akachoma watu ngomani, na juu yake akazaa mwanaharamu.

MamaWawili: Mwanaharamu? Huyo mtoto, Dunois, ndiye aliyekuwa akiulinda mji wa Orléans 1429 Jeanne d'Arc, yule msichana shujaa wa Ufaransa, alipofika. Wewe wa halali umelinda nini?

Kibatari: 😂 Dada, walimwita hivyo wenyewe. Ilikuwa kama cheo.

FundiSeremala: Ni 93, Januari. Alisogeza mwenge awatambue waliovaa vinyago, wakafa wanne. Uzembe, si kusudi. Turudi kwenye swali: Louis nembo yake gongo lenye vifundo, Jean akajibu kwa randa. Nani hajui randa inalifanyia nini gongo? Mfalme mgonjwa wa akili, anajiona kaumbwa kwa kioo, hawa wawili wanagombea kumwongoza. Dhalimu yupi hapo?

MamaWawili: Fundi, nakuja huko. Kwanza Valentina, mke wa ndoa, binti wa Visconti wa Milan. Kaondolewa ikulu kwa kusingiziwa uchawi, mume kazaa nje, na mtoto akamlea pamoja na wake. Wanasimulia alisikitika hakumzaa yeye, maana ndiye aliyefaa kumlipia baba kisasi.

Kibatari: Mnamsafisha mume kwa maji ya mke.

Mpitanjia: Mimi nimelelewa na mama wa kambo. Sufuria ya wali ikinifikia imebaki ukoko, nao nakwangua kwa kijiko huku naangaliwa. Valentina namvulia kofia.

Kibatari: Pole ndugu yangu. Ila mada ni Louis.

FundiSeremala: Haya, Louis. Mwanawe wa ndoa, naye Charles, alitekwa vitani Agincourt 1415, miaka 25 kifungoni Uingereza akitunga mashairi. Mjukuu akawa mfalme, Louis wa 12. Na Jean wa Burgundy naye akauawa darajani Montereau, 1419. Petit angesemaje hapo?

MamaWawili: Montereau ifungulieni uzi wake. Mimi nasubiri Kibatari afute lile neno.