Wiski za Ireland: umeonja zipi na ipi ilikukaa? Tupeane uzoefu

Mgosi wa Dublin
Wakuu habari za wikiendi. Mimi niko Dublin mwaka wa nne sasa na nilivyofika nilikuwa naijua Jameson peke yake, tena ile ya kuchanganya na soda. Jumamosi iliyopita tukakaa wabongo wanne na Mkenya mmoja, kila mtu kaja na chupa yake, tukakubaliana leo hakuna soda hakuna barafu, tunaonja. Chupa tukazizungushia gazeti tukaziandika namba ili mtu asinywe jina. Zilikuwa Jameson ya kawaida, Tullamore D.E.W., Bushmills ya miaka 10, Green Spot na Redbreast ya miaka 12. Kila glasi kama vijiko viwili tu, maji pembeni, na mkate wa kusafishia ulimi.

Jameson na Tullamore nilizichanganya kabisa, zote laini, zote zinapita bila kukwaruza koo. Bushmills ina utamu wa asali na tunda bichi, kama pera. Ila namba nne na tano jamani! Kuna uzito fulani ulimini kama tui la kwanza, af inakuja harufu ya viungo, ukimeza inabaki mdomoni muda mrefu. Redbreast ilinipa zabibu kavu na karafuu kabisa, sababu sehemu yake imelala kwenye mapipa yaliyowahi kuwekwa sheri, ule mvinyo wa Hispania. Watu wanne kati ya watano tuliichagua hiyo bila kujua ni ipi.

Kumbe hizo mbili ndio wanaziita poti stili, yaani shayiri iliyooteshwa kuwa kimea inachanganywa na shayiri mbichi ambayo haijaoteshwa, na ule uzito unatoka kwenye hiyo mbichi. Walianza kwa ajili ya kodi, 1785 kimea kiliwekewa kodi wakaona bora wapunguze kimea waongeze mbichi, leo ndio ladha inayowatambulisha. Hebu wengine mwageni uzoefu.

Kaka wa Kasarani
Mimi niko Nairobi, hapa Jameson iko kila sherehe na watu wanaikunywa na ginger ale, hata mimi nilikuwa hivyo miaka yote. Mjomba alitoka safari akaniletea Black Bush, nayo ni ya Bushmills, nikaiweka kando ya Jameson Black Barrel tuone. Black Barrel ina ule utamu wa sukari iliyoungua, nadhani ni ile kuchoma pipa ndani mara mbili. Black Bush ni ya matunda makavu zaidi. Siku ya kwanza nilishinda na Black Barrel, wiki iliyofuata nikarudia nimetulia nikahamia Black Bush na sijarudi.

BintiUkerewe
Nilisoma Belfast, tukaenda kiwandani Bushmills na basi, ni karibu na yale mawe ya Giant's Causeway. Kwenye chupa wameandika 1608, huo ni mwaka wa kibali cha kupika pombe kali kilichotolewa kwa eneo lile, kampuni yenyewe iliandikishwa 1784. Nataka nimsahihishe yeyote anayesema wiski za Ireland zote zinapikwa mara tatu na hazina moshi. Jioni ile nilipewa Connemara, hiyo inapikwa mara mbili, na kimea chake kinakaushwa kwa moshi wa ule udongo mweusi wa mabwawani wanaoukata na kuukausha kama kuni. Nilinusa nikakumbuka jiko la bibi wakati anabanika sato. Nilikaa nayo glasi moja saa nzima. Kwangu hakuna iliyoifikia.

Tulizo
Mimi Redbreast hapana, viungo vimezidi. Tullamore inanitosha.

Dada wa Cork
Kaka Mgosi, hiyo Jameson, Green Spot na Redbreast ulizoonja zote zinatoka sehemu moja, Midleton, huku kwetu Cork. Nimeenda mara mbili, kuna chungu cha shaba cha zamani cha 1825 kinaingia lita zaidi ya 140,000, unasimama pembeni yake unajiona mtoto. Mie nina ombi moja kwa wanaoonja, barafu wekeni mbali. Mara ya kwanza niliweka vipande vitatu kwenye Green Spot na sikusikia kitu, harufu yote ililala, nikasema watu wananidanganya. Baadaye nikaweka matone mawili ya maji ya kawaida nikaacha dakika tano, ndio nikasikia tofaa na mkate wa shayiri unaotoka jikoni. Na majina ya Spot yalitokana na alama za rangi walizopaka kwenye mapipa kujua umri, buluu miaka 7, kijani 10, njano 12, nyekundu 15.

Mgosi wa Dublin
Dada nashukuru sana, leo usiku narudia Green Spot na matone ya maji. BintiUkerewe, Connemara naitafuta kesho. Mwenye Yellow Spot au Powers John's Lane aniambie kabla sijatoa hela, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakaa tena.