Mama mkwe anawapa watoto antibiotiki kila wakipata mafua: nianzie wapi kumweleza?

BintiKirumba: Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Ninaishi Mwanza pamoja na mama mkwe wangu, ambaye ndiye anayebaki na wanangu wawili, wa miaka minne na wa miaka miwili, tunapokuwa kazini. Mtoto akianza tu kukohoa, mama hutuma kijana duka la dawa akalete kapsuli za rangi mbili, nne au sita kulingana na fedha iliyopo, kisha huzifungua na kumwaga unga wake kwenye uji. Mtoto akichangamka, zilizobaki hurudi kwenye kopo la siagi juu ya kabati, pamoja na Flagyl za tumbo na Septrin za tangu mwaka jana. Juzi nilimkuta akinyunyiza unga huohuo kwenye kidonda cha goti. Mume wangu anasema tumwache, kwani yeye na ndugu zake walilelewa vivyo hivyo na wakapona. Sitaki kumvunjia mama heshima. Naomba ushauri.

MtoaDawa: Pole, dada. Nafanya kazi katika duka la dawa muhimu, na wateja wa namna hiyo ninawahudumia kila siku. Usidhani hawajui kwamba antibiotiki hutolewa kwa cheti cha daktari. Wengi wanajua, ila watakwambia kwamba daktari naye angeandika zilezile. Nikimnyima, anavuka barabara na kuzipata kwa jirani yangu, halafu mwenye duka ananiuliza kwa nini mauzo yameshuka. Kwa hiyo ukimwendea mama na hoja ya sheria, hutafika mbali.

Muuguzi_Nyanza: Mwendee na hoja ya ugonjwa wenyewe. Mafua na vikohozi vingi vya watoto husababishwa na virusi, na antibiotiki ni dawa ya bakteria, haiui virusi. Mtoto anachangamka kwa sababu mafua hupungua yenyewe baada ya siku kadhaa, nayo sifa inakwenda kwa kapsuli. Tena dozi ya mtoto hukadiriwa kwa uzito wake, jambo lisilowezekana kwa unga uliomwagwa kwenye uji ambao huenda asiumalize. Kinachohitaji dawa hiyo ni nimonia. Mtoto akiwa ametulia, fungua shati lake na uhesabu pumzi kwa dakika nzima: kwa umri wa wanao, zikifika 40 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, mpeleke kituoni siku hiyohiyo. Akiharisha, cha kwanza ni ORS pamoja na vidonge vya zinki, siyo Flagyl.

MzeeWaIgoma: Haya ni maneno ya watu wenye bima. Sisi wengine tukienda hospitali tunalipia kumwona daktari, tunalipia vipimo, tunapoteza siku ya kibarua, na mwisho tunaambiwa dawa hakuna, mkanunue nje. Huyo bibi anatumia akili kwa kipato alicho nacho.

Muuguzi_Nyanza: Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu dawa kukosekana sikubishii, ingawa kwa sera yetu watoto walio chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Lakini hesabu ya gharama haiishii dukani. Tunapokea wagonjwa wa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) waliokwisha kujinunulia dawa mara kadhaa, na mkojo unapooteshwa maabara ili vijidudu vyake vijaribiwe kwa dawa, majibu yanaonyesha vijidudu visivyosikia tena dawa za bei nafuu, hivyo wanaishia kwenye sindano za gharama kubwa zaidi. Duniani kote, watafiti walikadiria kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 mwaka 2019.

MamaWawili: Dada, mwachie mumeo azungumze na mama yake, wewe usiwe msemaji. Na safari ijayo mtoto akiugua, mwombe mama aende naye kliniki mwenyewe, ili maelezo ayasikie kwa mhudumu na arudi nyumbani akiwa yeye ndiye mwenye habari.

BintiKirumba: Asanteni sana. Hilo la mama kwenda mwenyewe nimelipenda, na mume wangu amekubali kuongea naye. Kuna pia chupa ya amoksilini ya maji iliyochanganywa kama wiki tatu zilizopita; je, bado inafaa?

MtoaDawa: Haifai. Ikishachanganywa na maji hudumu wiki moja au mbili tu, kama karatasi ya chupa inavyoelekeza. Hilo kopo nalo lipeleke duka la dawa lililo karibu nawe, wakague tarehe za vyote vilivyomo.