Naomba ushauri: naandika wasifu wa mama yangu, muuguzi

Wapendwa, mama yetu ametutoka. Mazishi ni keshokutwa, na mimi ndiye niliyepewa jukumu la kuandika wasifu wake na kuusoma. Nina dakika tano tu.

Vyeo na vituo vya kazi nimeshaviandika, havinisumbui. Kinachonishinda ni mama mwenyewe. Alikuwa muuguzi wa zamu za usiku. Akirudi asubuhi, kabla hajavua viatu, alipita kitanda hadi kitanda akitugusa shingo kwa mgongo wa mkono. Wajukuu aliwashika kifundo cha mkono, akatazama saa yake ya kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini ili mvaaji aisome, akahesabu mapigo dakika nzima. Watoto kimya kabisa! Saa hiyo ninayo hapa mezani, bado inatembea.

Nianze na saa, au nifuate kuzaliwa, elimu, ndoa na kazi kama ilivyozoeleka? Na wagonjwa aliowauguza niwataje vipi bila kutoa siri zao? Kwa hilo mama alikuwa mkali mno.

Mliowahi kusoma wasifu wa mzazi, mlifanyaje sauti isikatike?