Tupeane uzoefu: AC ya nyumba nzima imegoma kuwaka, kwako tatizo lilikuwa nini?

Mkwezi_Houston: Wakuu, poleni na joto. AC yetu ni ile ya nyumba nzima, mashine moja nje, nyingine darini. Tangu asubuhi thamostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia baridi, haionyeshi kitu, nje kimya. Breka nimezima nikawasha, wapi. Kabla sijamwita fundi, naomba visa vilivyowakuta wenyewe, siyo vya kusimuliwa.

binti_pongwe: Betri za thamostati. Kwetu ilikuwa hizo tu, AA mbili.

Mjomba_wa_Mabomba: Mkuu, hiyo ndiyo kazi yangu, nipo Atlanta. Umesema mashine ipo darini, basi angalia sinia lililo chini yake. Hewa ya Houston ina unyevu mwingi. Ikipita kwenye koili baridi, yaani vile vibomba vya kupoza vilivyo ndani ya mashine, inatoa maji, na maji hayo hutoka nje kwa kibomba cheupe cha plastiki. Humo ndani huota utelezi wa kijani, taratibu kibomba kinaziba, sinia linajaa. Pale pana swichi ya floti, yaani yenye boya linaloelea. Maji yakiinyanyua, inakata ule umeme mdogo wa volti 24, dari lako lisije likaanguka. Na kwenye mitambo mingi thamostati inakula umeme huohuo, kwa hiyo nayo inazimika. Watu wanadhani bodi imeungua, wengine wanauziwa mpya kabisa!

Tafuta mdomo wa kibomba huko nje, uufyonze kwa vakyumu ya maji. Kisha mimina kikombe cha siki ndani ya kibomba, upande wake wa juu.

Kijana_wa_Ruwi: Hapa Maskati shida yetu ni kapasita, vile vikopo vinavyotunza chaji ya kuistua mota; joto la zaidi ya 40 linazimaliza. Yangu ilikuwa inanguruma tu, panga la feni haligeuki. Fundi alipofungua, kapasita imevimba kichwani kama andazi. Akaweka yenye mikrofaradi (kipimo cha kapasita) zilezile, kazi ikaendelea. Jamani msiiguse kwa mikono, inabaki na chaji hata umeme ukiwa umezimwa.

mama_Twins_SA: San Antonio hapa. Sisimizi! Walijazana kwenye kontakta, ile swichi inayoiwasha mashine ya nje, wakakaangwa humo, pleti zikashindwa kugusana. Sikuamini mpaka nilipoonyeshwa.

binti_pongwe: Hee, Texas mna mambo.

Mzee_Kigoda: Kwa shemeji yangu kijana wa majani alipita na mashine yake ya kufyekea, akakata waya mwembamba unaoingia kwenye mashine ya nje. Ndani feni inapuliza vizuri, hewa ya moto. Cheki na huo.

Mkwezi_Houston: Mjomba, nimepanda darini. Sinia limejaa pomoni! Nimefyonza, umetoka uchafu mzito kama mlenda. Thamostati imerudi, ila mashine ya nje bado.

Mjomba_wa_Mabomba: Ngoja dakika tano, usibonyezebonyeze. Thamostati inachelewesha kompresa, ile pampu ya gesi iliyo kwenye mashine ya nje, makusudi, isiwashwe presha ya gesi ikiwa haijatulia.

Mkwezi_Houston: Imewaka. Mungu akubariki, Mjomba.

Mpangaji_Mpole: Na sisi wa apatimenti?

Mjomba_wa_Mabomba: Wewe badilisha betri, angalia filta, ikigoma piga simu ofisi ya jengo. Darini usipande.