MJADALA: Ghorofa za kuishi katikati ya Dar, ni lazima zibebe maegesho ya magari?

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili, hasa sisi wa Upanga, Kisutu na Kariakoo.

Kiwanja cha jirani yangu kilikuwa na nyumba ya ghorofa moja na mwembe uani. Mwembe umeshakatwa, kimesimamishwa kibao: jengo la makazi, ghorofa 18, nne za chini zote ni maegesho. Mtaa umegawanyika. Wengine hawalitaki kabisa. Wengine wanasema lije, lakini bila hizo ghorofa nne hatutapata pa kupita kwa magari.

Mimi nalitaka. Tembea Posta saa tatu usiku uone: walinzi na taa tu. Wanaofanya kazi pale wamelala Kimara, Mbagala na Goba, na kesho alfajiri watakuwa foleni tena. Watu wakiishi mjini, mji unapona.

Ninachokipinga ni ghorofa nne za magari. Upande ule wa mtaa leo kuna duka la dawa, fundi cherehani na wazee wanaokunywa kahawa barazani baada ya magharibi. Badala yake tunaletewa ukuta wa zege na geti. Mtoto akipita pale usiku, hakuna dirisha lenye mtu wa kumwona. Halafu kuna bei: anayenunua nyumba anauziwa na nafasi ya gari hata kama hana gari. Kituo cha mwendokasi (mabasi ya haraka) cha Fire kiko mwendo wa dakika chache. Kwa nini tuwalazimishe wote walipie magari ya baadhi?

Mnasemaje?

Mzee wa Kisutu

Mwanangu, nimekusoma. Nimekaa mtaa huu tangu nyumba yetu ikiwa ya Msajili wa Nyumba, kabla haijaingia Shirika la Nyumba. Mimi hesabu ya magari hainiumizi kichwa. Ninachokumbuka ni Ijumaa Kuu, 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka na kuua watu 36, watoto wakiwemo. Lilifikishwa ghorofa 16 wakati kibali kilikuwa cha 10. Tukasema haitarudi. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, tukasimama tena kusikiliza sauti za watu chini ya kifusi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza magari yatakaa wapi, ulizeni kibali kinasema ghorofa ngapi, nani anapima zege, na nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi siku ile ile nyumba ya jirani inapopata ufa. Wakijibu hayo, nitakuja kwenye maegesho.

Mama wa Upanga Mashariki

Kaka, unaongea kama mtu asiye na mgonjwa nyumbani. Mama yangu yuko kwenye kiti cha magurudumu, nampeleka kliniki hospitali ya Muhimbili mara mbili kwa wiki. Muhimbili ni karibu kwa mwenye miguu yake. Kwangu mimi ni kumshusha ngazi, kumbeba, kumwingiza kwenye gari, na jioni nikirudi mtaa umejaa, naegesha mbali namwacha getini na msichana wa kazi. Mvua ikinyesha sijui nishike mwavuli au nimshike mama.

Mchana ushuru wa maegesho wa TARURA, wakala wa barabara, nalipa kama wengine, sikatai. Lakini jengo la nyumba sabini au themanini lisilo na pa kuweka gari litamwaga magari yake hapo hapo tunapogombania leo. Hao wanunuzi hawatauza magari kwa sababu mmewanyima paa. Na hiyo mwendokasi mnayoitaja, jaribuni kuipanda saa kumi na moja jioni mkiwa na mtu mgonjwa.

Mhandisi, Dar

Naongeza hesabu kidogo, maana wengi hawaijui. Nafasi ya gari moja ni kama mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12.5. Ukiongeza njia ya kupita na mteremko wa kupandia, gari moja linakula kati ya mita za mraba 25 na 30. Magari mawili yamekula nyumba ya chumba kimoja na sebule. Anayelipa ni mnunuzi au mpangaji.

Kuna wanaosema tuyazike chini ya ardhi ili mtaa ubaki na maduka. Kwenye karatasi inapendeza. Ila ukichimba maeneo yetu ya karibu na bahari unakutana na maji mapema, na yana chumvi. Chumvi ikiingia kwenye zege inakula nondo taratibu, ndani, usipoona. Pampu inabidi ifanye kazi usiku na mchana, umeme ukikatika jenereta liwake, na maji hayo yanatupwa kwenye mtaro ambao mvua za masika zinaushinda tayari. Na shimo refu likichimbwa mita chache kutoka kwenye msingi wa nyumba ya zamani bila kuta za kushikilia udongo, hofu ya mzee hapo juu ni halali kabisa. Binafsi ningechagua maegesho machache, ya juu, kuliko shimo.

Niko Chicago

Huku kuna Marina City, minara miwili ya mviringo pembeni ya mto, ya miaka ya 1960. Ghorofa 19 za chini za kila mnara ni magari, juu yake ndiyo watu. Chama cha wafanyakazi wa usafi na utunzaji wa majengo ndicho kilichousukuma mradi ule, kwa sababu watu walikuwa wanahama katikati ya mji. Lakini chini kabisa waliweka maduka, sehemu za burudani na gati la boti, kwa hiyo anayepita kwa miguu hakutani na ukuta mtupu. Na mji huu huu, mwaka 2013 kisha 2015, ulipunguza sharti la maegesho kwa majengo yaliyo karibu na stesheni za treni. Magari hayakukatazwa.

Kijana wa mzigo, Kariakoo

Wote mnaongelea magari ya kulala. Mzigo je? Kirikuu (gari dogo la mizigo) na guta (baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu) vinasimama wapi? Jengo likiwa na fremu za maduka chini na halina uwanja wa kushushia, tunashushia barabarani, foleni inafika Msimbazi. Hilo liandikwe kwenye ramani kabla ya kitu kingine.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Dada wa Upanga Mashariki, umenigusa, na nakiri nilihesabu magari nikasahau nani anapanda ndani. Sirudi nyuma kwenye suala la kumfunga kila mnunuzi na nafasi ya gari, lakini nimebadilika hapa: ghorofa mbili za maegesho badala ya nne, zianzie juu ya maduka, na nafasi zilizo karibu na lifti ziwe za wagonjwa na walemavu. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inampa kila mtu hati ya nyumba yake ndani ya ghorofa. Nafasi ya gari basi ikodishwe peke yake kwa anayeihitaji, na majirani wa mtaa tupewe ruhusa ya kukodi zinazobaki. Chini kuwe na sehemu ya kushusha mtu na ya kushusha mzigo, yenye paa.

Jumamosi saa nne asubuhi kuna kikao ofisi ya serikali ya mtaa, na mwenye mradi ameahidi kufika. Mzee, shikamoo, naomba maswali yako matatu uyaulize wewe mwenyewe, yatakuwa na uzito zaidi.

Mzee wa Kisutu

Marahaba. Nitakuja na nakala ya kibali nikiipata. Wasiponipa, nitauliza kwa nini.

Mama wa Upanga Mashariki

Ghorofa mbili naweza kukubali, lakini mradi ukiahidi nafasi za wagonjwa iandikwe kwenye ramani inayoidhinishwa, si kwa maneno ya kikaoni. Jumamosi saa nne nitakuwa kliniki na mama. Niulizie hilo.